Dari ya Umeme Isiyopasha Joto: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu Kabla ya Kubomoa

Mfumo wa kupasha nyumba joto kwa umeme kutoka darini hauna feni, pampu wala bomba, na haupigi kelele yoyote, hivyo unaweza kufa kimyakimya na wenye nyumba wasitambue hadi usiku wa baridi kali. Kinachotoa joto ni waya mwembamba wenye ukinzani, yaani unaoupinga umeme usipite kwa urahisi, uliofukiwa katika plasta au uliobanwa kati ya tabaka mbili za bodi za jipsamu. Katika nyumba nyingine ni filamu nyembamba iliyotandazwa juu ya bodi za dari, na kwingineko ni paneli zilizofungwa usoni mwa dari ambazo mtu huziona kwa macho. Umeme unapopita, uso wa dari hufikia nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na joto hilo hushuka kwa mnururisho hadi kwenye sakafu, samani na miili ya watu bila kutegemea hewa ilibebe.

Kwa kuwa waya wenyewe hauonekani, lawama huelekezwa darini mara tu chumba kinapopoa, na si ajabu kukuta dari iliyotobolewa mahali kadhaa na mtu aliyekuwa akitafuta mkato ambao haukuwepo. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kwanza vikaguliwe vitu vinavyofikiwa kwa bisibisi, yaani breka, themostati (kidhibiti joto cha ukutani) na maungio ya nyaya, kisha upimwe ukinzani wa kebo, yaani ule waya unaotoa joto, dari iguswe pale tu vipimo vitakapoonyesha kwamba kebo imekatika.

Je, kweli kuna hitilafu?

Plasta ni nzito na huchelewa kushika joto. Baada ya kuwasha, huenda ikapita nusu saa au saa nzima kabla hujahisi chochote kichwani, na chumba kilichoachwa baridi siku nzima kitahitaji muda mrefu zaidi. Miguu iliyo chini ya meza hubaki baridi kwa sababu meza huizuia mionzi, na hilo si kosa la mfumo. Anayelalamika kwamba dari yake haitoi hewa ya moto analalamikia jambo ambalo dari haikuundwa kulifanya.

Njia ya haraka ya kupata jibu ni kutumia kipimajoto cha mionzi, kile kifaa kidogo kinachoelekezwa ukutani na kuonyesha namba. Pima uso wa dari katika sehemu sita au zaidi kabla ya kuwasha, andika namba hizo, pandisha themostati hadi juu, kisha pima tena sehemu zilezile baada ya saa moja. Rangi ya kawaida ya dari hukipa kifaa hicho namba za kuaminika, ila nyuso za chuma kinachong'aa hukidanganya. Dari ikiwa imepanda kwa nyuzi 15 au 20 kila mahali, mfumo unafanya kazi, na kama chumba bado ni baridi, tafuta joto linakopotelea: mara nyingi ni juu ya dari, ambako sufu ya kuzuia joto imesogezwa na mafundi wa nyaya au wa paa na haikurudishwa. Sufu hiyo hukaa juu ya kebo, kamwe si chini yake. Anayebandika vigae vya kuzuia sauti au tabaka jingine la bodi upande wa chumbani huifungia kebo joto lake lenyewe, na kebo huungua taratibu.

Namba zikionyesha nusu ya dari ina joto na nusu nyingine haina, au chumba kimoja tu ndicho kilichokufa, au nyumba nzima imezimika, tayari umepata mwelekeo. Nyumba nzima ikizimika kwa pamoja, chanzo kiko kwenye ubao mkuu wa umeme au katika umeme unaoingia, kwa kuwa ni nadra sana kebo za vyumba vyote kukatika siku moja. Chumba kimoja kikifa, shuku kwanza themostati yake. Nusu ya dari ikifa, shuku kebo moja kati ya kadhaa zilizomo chumbani humo.

Usalama

Mingi ya mifumo hii hutumia volti 230 au 240, na kwa kawaida umeme huo wote hupita ndani ya themostati iliyo ukutani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba themostati nyingi hukata waya mmoja tu. Ukiigeuza hadi chini kabisa, joto huzimika, lakini waya wa pili na kebo nzima ya darini huenda bado vina umeme. Kuzima themostati hakutoshi hata kidogo kama maandalizi ya kazi: zima breka, ibandike karatasi au uifunge kwa kufuli yake ili mtu mwingine asiiwashe, kisha hakikisha kwa kipimo kwamba nyaya zote za themostati zimekufa, kila waya dhidi ya mwenzake na kila waya dhidi ya ethi (waya wa ardhini). Kabla ya kupima, jaribu kipimo chako kwenye soketi unayojua ina umeme. Baada ya kupima, kijaribu tena palepale. Kalamu ya kugundua umeme bila kugusa waya ni msaada mzuri, lakini isiwe shahidi wako wa pekee.

Ukiona doa la kahawia darini, ukisikia harufu ya kuungua, au uso wa sehemu moja ukiwa wa moto kiasi cha kuchoma kiganja, zima breka ya chumba hicho na usiirudishe hadi fundi umeme mwenye leseni aje. Aidha, kama dari imepakwa ile rojo ya zamani yenye vinundu na nyumba ilijengwa kabla ya miaka ya 1980 kumalizika, usiikwangue wala kuitoboa kabla sampuli haijapimwa maabara, kwa sababu rojo nyingi za namna hiyo zilichanganywa na asbesto. Zipo pia paneli za filamu za zamani ambazo ziliondolewa sokoni kwa sababu ya hatari ya moto. Mwenye dari ya filamu atafute jina la mtengenezaji kwenye lebo na aulize kwanza mamlaka ya usalama wa umeme kabla ya kuhangaika kuifufua.

Breka

Breka iliyoruka mara nyingi hukaa katikati, na macho hudanganyika kuiona imewaka. Isukume hadi mwisho upande wa kuzima, kisha iwashe. Ikikaa na dari ikapata joto, ifuatilie siku chache. Ikiruka papo hapo unapopandisha themostati, kuna shoti, na kuirudisha mara kwa mara ni kuongezea jeraha chumvi. Ikiruka baada ya dakika nyingi au saa kadhaa, shuku breka iliyochoka, skrubu iliyolegea kwenye ubao inayozalisha joto lake yenyewe, au hita nyingine iliyounganishwa kwenye mkondo huohuo. Na ikiwa kinachoruka ni kifaa cha kinga dhidi ya uvujaji wa umeme kwenda ardhini, hasa baada ya mvua, panda ukaangalie paa kabla ya kulaumu kebo, maana plasta iliyolowa huupa umeme njia.

Katika nchi ambako volti 240 hupatikana kwa nyaya mbili za moto, kama Marekani na Kanada, breka huwa ya pacha. Upande mmoja ukifa, dari haipati joto kabisa, lakini ukipima waya mmoja dhidi ya ethi utasoma volti 120 na kudhani umeme upo. Pima baina ya nyaya mbili za moto. Hapo ndipo ukweli hujitokeza.

Themostati

Hapa ndipo ningeweka muda wangu mwingi, kwa sababu themostati ni karibu sehemu pekee ya mfumo huu yenye kitu kinachosogea kila mara. Ndani ya zile za zamani kuna ukanda wa metali mbili unaojikunja joto linapobadilika na kufungua au kufunga mguso. Kila mguso unapofunguka hutoa cheche ndogo, na baada ya miaka mingi mguso huo hupata makovu, ukashindwa kupitisha umeme au ukagandamana na kubaki umefungwa muda wote, hivyo chumba kikawa tanuri hata themostati ikiwa chini kabisa.

Umeme ukiwa umezimwa na kuthibitishwa, fungua kifuniko, legeza skrubu mbili zinazoishikilia themostati kwenye kisanduku chake, na uivute nje polepole. Tazama ncha za nyaya. Ncha iliyobanwa vizuri bado ina rangi ya shaba. Iliyolegea huwa nyeusi au ya kijivu, ganda lake la plastiki limekauka na kupasuka kwa urefu wa nusu kidole kuanzia kwenye kiungo, na plastiki ya themostati mahali hapo imegeuka kahawia. Shika bisibisi ujaribu skrubu: ikizunguka nusu duara kabla ya kukaza, kuna uwezekano mkubwa kwamba umempata mhalifu, na dari haina kosa. Kata waya hadi ufikie shaba safi, na ubadilishe themostati iliyoungua badala ya kuikaza tu. Nyaya zikiwa za rangi ya fedha, huenda ni alumini, ambayo ilitumika sana katika nyumba za Marekani zilizojengwa kati ya mwaka 1965 na 1973. Maungio yake yanahitaji viunganishi maalumu, na kazi hiyo ni ya fundi.

Ili kuijaribu themostati ya metali mbili, ondoa nyaya zake, weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye kipimo cha omu, yaani kizio cha ukinzani, na uguse kituo cha kuingizia umeme na kile cha kutolea. Ukiigeuza juu ya joto la chumba utasikia mlio mdogo, na namba ishuke karibu na sifuri. Ukiirudisha chini, multimita ionyeshe kwamba njia imekatika. Themostati yenye vituo vinne hukata nyaya mbili kwa pamoja, kwa hiyo jozi zote mbili zipimwe. Themostati za kielektroniki haziwezi kujaribiwa hivyo kwa kuwa zinahitaji umeme ili zifunge njia. Kwa hizo, fundi hupima volti upande wa kebo wakati themostati inaita joto.

Unaponunua nyingine, hakikisha ni ya volti kamili za mfumo na kwamba ampea zake zinazidi mahitaji ya chumba. Themostati za volti 24 zinazotumiwa kwenye matanuri ya gesi hufanana nazo sana dukani, na ikifungwa moja kwa moja kwenye waya wa volti 240 itaungua mara moja. Kuna nyumba ambazo kweli zina themostati ya volti ndogo ukutani, lakini huko kuna rilei iliyofichwa mahali fulani inayowasha umeme mkubwa, na rilei hiyo nayo huchoka.

Kupima kebo

Themostati ikiwa imeondolewa, nyaya zinazokwenda darini zinakuwa huru, na sasa unaweza kuiuliza kebo yenyewe. Unachohitaji kujua kwanza ni namba inayotarajiwa. Tafuta lebo ndani ya kisanduku cha themostati au kwenye ncha za kebo. Kwa mujibu wa kanuni za umeme za Marekani, nyaya baridi za kebo za dari, yaani zile zisizotoa joto zinazoifikishia kebo umeme, hutambulishwa kwa rangi, nyekundu ikiwa ya volti 240, njano ya volti 120 na buluu ya volti 208. Ukishapata volti na wati, zidisha volti kwa volti kisha gawanya kwa wati, nawe utapata omu. Chumba cha wati 1,200 kwa volti 240 kinapaswa kusoma omu 48 na kuvuta ampea 5. Wati hizohizo kwa volti 230 zinatoa omu 44 hivi. Tofauti ya asilimia 5 hadi 10 isikusumbue.

Unganisha multimita kwenye nyaya mbili za kebo na usubiri namba itulie. Namba ikilingana na hesabu, kebo ni nzima, na unapaswa kurudi kwenye themostati, maungio na breka hata kama moyo unakutuma darini. Ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, kuna mkato, lakini usikimbilie kusema ni wa ndani ya plasta: mara nyingi waya baridi huungwa na kebo katika kisanduku kilicho juu ya dari au ukutani, na kiungo hicho ndicho huachia. Namba ikiwa ndogo mno, omu 2 au 3 tu, ni shoti.

Jibu lenye faida kuliko yote ni lile la katikati. Vyumba vikubwa huwa na kebo mbili au tatu zilizounganishwa sambamba, na moja ikikatika nyingine huendelea kufanya kazi. Tuseme wati 1,200 zimegawanywa kwa kebo mbili za wati 600. Kila moja ina omu 96, na kwa pamoja husoma 48. Ukisoma 96, moja imekufa. Zikiwa tatu za wati 400, kila moja ina omu 144. Ukisoma 72 badala ya 48, mbili tu ndizo zinazofanya kazi. Tenganisha nyaya zao ndani ya kisanduku, pima moja moja, na uweke alama kwenye ile mbovu. Kama joto la zilizobaki linatosha, fundi anaweza kuifunga ncha ya ile mbovu kwa usalama na kuiacha imelala humo. Kwangu mimi huo ni ukarabati unaokubalika kabisa.

Kipimo cha pili ni cha kihami, yaani ganda linalouzuia umeme usitoke kwenye waya, na hufanywa kwa kifaa ambacho mafundi hukiita mega, kinachosukuma volti 500 kati ya kebo na ethi baada ya vifaa vyote vya kielektroniki kuondolewa. Chini ya megaomu 1, kebo isiwashwe. Hata hivyo kipimo hiki kina upofu wake: kebo nyingi za zamani za darini hazina wavu wa chuma uliounganishwa na ethi, na plasta kavu haipitishi umeme, hivyo ganda la waya laweza kuwa limejeruhiwa na mega bado ikatoa namba nzuri. Matokeo mazuri yasomwe pamoja na kile ambacho macho yameona.

Kutafuta mahali palipokatika

Kebo haikatiki yenyewe mara nyingi. Uliza kilichofanyika chumbani kabla ya joto kutoweka: taa mpya, kinasa moshi, reli ya pazia, ndoano ya chungu cha maua. Katika dari za namna hii mistari ya kebo inaweza kupangwa kwa nafasi ya sentimita 4 tu kati yake, kwa hiyo skrubu yoyote inayotobolewa pasipo ramani ina nafasi kubwa ya kugonga waya. Baada ya hapo angalia madoa ya maji na nyufa, hasa kwenye viungo vya bodi, ambako mtikisiko wa jengo huuvuta waya.

Kamera ya joto ni nzuri pale ambapo baadhi ya kebo bado ziko hai. Washa mfumo ukiwa umepoa kabisa na utazame dakika za mwanzo, kabla joto halijasambaa ndani ya plasta. Mistari hujichora waziwazi, na sehemu isiyo na mistari ndiyo eneo la kebo iliyokufa. Kamera haitakuonyesha nukta ya mkato wenyewe, kwa sababu kebo iliyokatika haipati joto popote katika urefu wake. Kwa hilo fundi hutumia kifaa cha kutuma mlio: umeme ukiwa umezimwa, mlio huingizwa kwenye ncha moja ya kebo, kipokezi hupitishwa chini ya dari kufuata mistari, na mlio hufifia ghafla waya unapokatika. Kisha hurudia kutoka ncha ya pili. Mahali milio miwili inapokutana ndipo pa kufungua, nawe utakuwa umebomoa eneo la kiganja badala ya chumba kizima.

Kuunga na kufunga

Kazi hii ifanywe na fundi umeme, na mwenye nyumba aijue ili aweze kuisimamia. Plasta huondolewa kwa mkono na kwa zana butu, kwani nyundo itakata mstari wa jirani. Waya wa joto uliotengenezwa kwa nikeli na kromiamu haushiki risasi ya kawaida ya kuchomelea, hivyo ncha huungwa kwa kiunganishi cha kubana kinachostahimili joto. Urefu wa kebo usibadilike, na kanuni za Marekani hulitamka hilo bayana: ukiifupisha, ukinzani hupungua, umeme huongezeka, na kila mita iliyobaki hupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Kipande kilichoharibika kibadilishwe kwa kingine cha aina na urefu uleule. Filamu haiungwi hivyo. Karatasi yake iliyotobolewa hutenganishwa na kubadilishwa kwa namna alivyoelekeza mtengenezaji.

Kabla ya kuziba, ukinzani upimwe tena. Kiungo na waya vifunikwe kabisa kwa plasta bila kuacha mfuko wa hewa, kwa sababu waya ulio hewani hauna pa kupeleka joto lake na huungua palepale. Baada ya kuziba, pima mara nyingine, uone kama mwiko haukuharibu kitu. Kisha subiri plasta ikauke yenyewe, jambo ambalo huchukua siku nyingi kutegemea unene wake na hewa ya chumba. Anayewasha dari ili aikaushe haraka hupata nyufa na kazi ileile upya. Ikishakauka, pandisha themostati kidogokidogo kwa siku mbili tatu, pima uso kwa kile kipimajoto cha mwanzo, na uandike omu za kila chumba kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa ubao wa breka, pamoja na mchoro wa mahali kiungo kilipo, ili atakayetaka kufunga taa baadaye ajue asipatoboe.